Mstari wa Sita

"Baba, ule mstari wa sita umeupeleka wapi?"

Ilikuwa Jumatatu ya Juma Kuu, saa moja na robo usiku, mvua ya masika inapiga bati la kanisa mpaka watu wanasalimiana kwa kupaza sauti, na mi nimesimama mlangoni napeana mikono na washarika kama nilivyozoea kuona wahubiri wanafanya, jasho linanitiririka ndani ya suti niliyoshonewa harusi ya mdogo wangu. Wengi waliniambia hongera. Mmoja akasema kabisa kwamba nilipotea njia, nilitakiwa niende chuo cha uchungaji. Ndo zamu ya Bibi ikafika. Yeye hongera hakutoa. Alinishika kiganja kwa mikono yote miwili, akanivuta nikainama mpaka sikio likawa usawa wa mdomo wake, akauliza hilo swali, halafu hata jibu hakungoja, akashika bega la mjukuu wake wakaingia kwenye mvua na mwavuli wao mmoja.

Nilicheka.

Pasaka imepita, Pentekoste imepita, na lile swali limegoma kuondoka.

## Zamu ilivyonikuta

Kwetu Juma Kuu ibada ni kila jioni, saa 11:30, ingawa kwa foleni za Dar "saa 11:30" maana yake ni kwaya inaimba mpaka watu watimie. Jumatatu mpaka Jumatano wanahubiri washarika wenyewe, kwa zamu za jumuiya. Alhamisi Kuu mchungaji anarudi mbele maana kuna Meza ya Bwana, na hiyo haina zamu. Ratiba inapitishwa kwenye kikao cha wazee katikati ya Kwaresma, inabandikwa ubaoni, inarushwa kwenye grupu la wasap, na hapo ndo mafua na safari za ghafla zinapoanza.

Jumuiya yetu ikaangukiwa na Jumatatu. Tukaangaliana. Mwenyekiti akasema, "Si tuna mhazini hapa? Anaongea vizuri na Kiswahili chake kimenyooka."

Mhazini ni mimi.

Fungu lenyewe: Yohana 12:1-8. Mnalijua, Bethania, Mariamu anampaka Yesu miguu kwa marhamu ya thamani kubwa, nyumba nzima inanukia, Yuda analalamika kwanini isiuzwe dinari mia tatu maskini wakapewa. Injili nyingine zina watu wanaolalamika hivyohivyo, ila Yohana peke yake ndo anachomekea ule mstari wa sita, kwamba Yuda hakuwa na habari na maskini, alikuwa mwivi, na yeye ndiye aliyeshika mfuko, akawa anachukua vilivyotiwa humo.

Nililisoma mara ya kwanza nikiwa kwenye daladala, nimesimama, simu mkono mmoja na bomba mkono mwingine. Nikafika mstari wa sita nikazima simu.

## Januari

Basi niseme.

Mfuko wa jumuiya unakaa kwenye laini yangu ya simu. Kila nyumba inachanga elfu tano kwa mwezi, kwa ajili ya misiba na wagonjwa. Januari mwaka huu ulikuwa na laki mbili na themanini na kitu. Mwanangu anaingia kidato cha kwanza, orodha ya vitu vya bweni ina urefu wa ndoo mpaka godoro, mshahara uliisha Krismasi. Nikachukua laki mbili na arobaini. Nikajiambia nimeazima. Kwani mhazini haruhusiwi kuazima? (Haruhusiwi. Kanuni za jumuiya niliziandika mwenyewe.) Na nilirudisha, tarehe tatu mwezi wa pili, yote, na ya kutolea juu.

Kama ingeishia hapo pengine nisingeandika.

Katikati ya hizo wiki, Jumanne jioni, jirani yetu mmoja wa jumuiya, fundi viatu, alipigiwa simu kwamba kaka yake amefariki Singida. Kwa utaratibu wetu mtu anayefiwa anapewa laki mbili siku hiyohiyo. Akanipigia. Nikamwambia mzee wangu pole sana, ila mtandao unasumbua, vuta subira mpaka kesho. Kesho yake nikamwambia vilevile. Alhamisi alfajiri akapanda basi kwa hela aliyokopa dukani kwa Mangi. Alifika usiku, wameshazika saa tisa mchana.

Aliporudi nilimpelekea laki mbili zake kwenye bahasha. Alizipokea kwa mikono miwili na akaniombea.

## Mwaka mzima kwenye chupa moja

Maandalizi yangu yalianza kwa kutafuta mlango wa kutokea. Sisi Walutheri tuna Ungamo la Augsburg la 1530, na kifungu chake cha 14 kinasema mtu asifundishe hadharani kanisani wala kutoa sakramenti bila kuitwa ipasavyo. Nikafurahi kama wakili aliyepata kifungu. Nikampigia mzee wa kanisa anayesimamia ratiba, nikamwambia mzee, mimi kwa kweli sijaitwa. Akacheka mpaka akakohoa. "Kikao kimekupitisha, mchungaji kasaini, jina lako liko ubaoni. Unataka uitwe na tarumbeta?"

Basi nikakaa chini nikatafuta la kusema, na nikalipata, na niseme ukweli lilikuwa zuri. Dinari moja ni ujira wa kibarua wa siku moja, ipo kwenye mfano wa wale wa shamba la mizabibu, Mathayo 20. Dinari mia tatu basi ni karibu mwaka mzima wa kibarua ukitoa sabato. Nikaileta Dar. Chukua kijana anayebeba zege, tuseme analipwa elfu kumi na tano kwa siku, mara mia tatu, milioni nne na nusu. Na ratli ile ya marhamu, kwa vipimo vya Kirumi, ni kama theluthi ya kilo, haijai hata chupa ya soda ya nusu lita. Milioni nne na nusu, zimemwagwa miguuni ndani ya dakika moja, na harufu haiwekwi benki.

Nikainua chupa tupu ya soda juu. Kanisa zima likaguna "mh!"

Nilikuwa nimewapata. Dakika ishirini na mbili nilizungumza juu ya kumpa Mungu bila kupiga mahesabu, mi ambaye mahesabu ndo yaliyokuwa yananitesa, na kila nilipoinua macho nilimwona fundi viatu amekaa benchi la pili kutoka nyuma, shati lake jeupe limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, ananitikisia kichwa kunitia moyo.

Fungu nilikuwa nimelisoma mwanzoni. Wa kwanza mpaka wa tano, halafu "Basi Yesu alisema". Wa saba. Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba macho yaliruka tu, taa zilikuwa hafifu, karatasi ilikuwa na jasho. Wiki tatu baadaye napeleka koti kwa dobi, napekua mifuko, nakuta ile karatasi. Nilikuwa nimeinakili kutoka kwenye simu na kuiprinti stesheneri. Mstari wa sita haumo. Niliufuta siku mbili kabla, nimekaa, nimetulia, na chai pembeni.

## Jogoo wa Feri

Jumanne sitaizungumzia. Aliyehubiri alisoma kitu kirefu alichotoa mtandaoni na kwaya ililala.

Jumatano ilikuwa jumuiya ya ng'ambo ya barabara, na aliyesimama ni mama mmoja anayeuza samaki. Wengi wetu ni wateja wake, anapita na beseni nyumba kwa nyumba mpaka saa nne asubuhi. Fungu lilikuwa Petro anamkana Bwana pale kwenye moto. Hakuwa na karatasi. Alivaa gauni la kitenge na viatu vya wazi, na ile stendi ya chini tunayotumia sisi tusio wachungaji ilikuwa inamfika kidevuni, akaamua kusimama pembeni yake.

Alisema: mnajua mimi saa kumi alfajiri nipo Feri sokoni, kwa hiyo jogoo nyie mnamsoma, mimi namsikia. Watu wakacheka. Akasema kila anapowika najiuliza jana nilimkana nani. Halafu, kwa sauti ileile ya kutangaza bei, akasema kwamba kwa miaka mingi samaki waliomlalia jana alikuwa anawatia barafu, asubuhi anawachanganya na wa leo, wa leo juu wa jana chini, na anayempa wale wa chini ni yule mteja asiyejua kukagua shavu la samaki, na akamtaja Bwana kwamba amemsamehe, "ila nyie bado sijawaomba, ndo nawaomba."

Kimya. Mvua tu.

Akaomba, akakaa. Dakika tisa, niliangalia saa.

Mi nilikaa pale nikaona aibu na pia, sijui kwanini, hasira. Nilijiambia huyu mama anafanya maonyesho. Nilijiambia kuungama samaki ni rahisi, nani atamfunga mtu kwa changu mmoja aliyelala. Lakini Jumanne ya wiki iliyofuata nikasikia mama ntilie wa kituoni, aliyekuwa ananunua kwake kilo sita kila siku, kahama, anachukua kwa mtu mwingine. Kumbe siyo rahisi. Kilo sita kwa siku ni ada ya mtu.

## Jembe la babu

Kuna sababu mi nina wasiwasi na watu wanaoungama hadharani, na sababu hiyo ni ya ukoo.

Babu mzaa baba alikuwa Mlokole wa Bukoba, yaani mtu wa Uamsho wa Afrika Mashariki. Ule Uamsho mnaujua, Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church walikutana Kampala 1929 wakakaa na Biblia, miaka ya 1930 moto ukawa Gahini kule Rwanda, ukavuka mipaka ukatufikia Buhaya, na wimbo wao "Tukutendereza" ukaimbwa hata na watu wasiojua Kiganda. Wale hawakungoja zamu wala ratiba. Mwalimu wa shule ya kijijini, mkulima wa kahawa, mama mwenye mtoto mgongoni, wote walisimama jioni wakasema. Baadhi ya wachungaji hawakuwapenda hata kidogo, na ukiwaza vizuri unawaelewa. Lakini huohuo ndo Uamsho uliomlea Josiah Kibira, aliyekuja kuwa askofu wetu kule, na 1977, mkutano mkuu ukiwa hapahapa Dar, akachaguliwa Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza. Sisi Wahaya hilo huwa hatulisahau kulisema.

Sharti la Walokole lilikuwa kuweka mambo nuruni. Ukiokoka unarudisha ulichoiba. Babu alirudisha jembe. Alilichukua kwa jirani akiwa kijana, akalilimia miaka kumi na moja mpaka likaisha, alipookoka akanunua jipya, akalibeba begani, akaenda akagonga mlango. Jirani alikuwa ameshasahau. Alikasirika kukumbushwa kwamba aliwahi kuibiwa na mtu aliyekuwa anamwita rafiki.

Hadithi hii niliisikia Krismasi zote za utoto wangu. Na kila mwaka jirani alizidi kulia na jembe lilizidi kung'aa. Mpaka nakuwa mkubwa lile jembe lilikuwa nishani, babu anaivaa mbele ya wageni. Sasa mtu akisimama kanisani kusema dhambi yake mi nasikiliza kama anaisema au anaivaa.

Yule mama wa samaki hakuwa ameivaa. Hilo ndo lililoniudhi.

## Ofisini kwa mchungaji

Baada ya ile karatasi ya dobi nilikwenda. Nilidhani atanipa zamu nyingine, nisimame, niseme yote, kwaya iimbe, yaishe. Nilikuwa nimeshaanza hata kupanga maneno.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akafunga dirisha maana watoto wa kipaimara walikuwa nje.

"Zamu sikupi," akasema. "Ukisimama pale, watu mia tatu watakusamehe kitu ambacho hukuwafanyia. Na yule mmoja uliyemfanyia itabidi apige makofi na wenzake."

Nikanyamaza.

"Na jambo la pili. Kuficha mambo yako ni juu yako. Lakini ule mstari haukuwa wako, ndugu yangu. Tulikupa uusome."

Nimelitafuna hilo wiki nzima. Mi nilidhani ugumu wa kuhubiri kwa zamu ni kwamba hatujasoma, hatujui Kigiriki, tunatetemeka. Mchungaji wetu alikuja kutoka kwingine na akihamishwa ataondoka na siri zake, haijulikani kwake wanakula nini. Mimi wananijua. Wanajua geti langu limeungwa na waya, wanajua mtoto wangu yuko shule gani. Nilidhani ndo maana neno likitoka kwa mwenzao linawagusa. Sikuwaza upande wa pili, kwamba mtu anayekaa nao, anayeshika mifuko yao, ndo huyohuyo mwenye sababu ya kuchagua ni mistari ipi waisikie. Mchungaji wa mbali angeusoma mstari wa sita bila kupepesa. Haumhusu.

## Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu

Jumuiya inakutana Jumamosi asubuhi, nyumba kwa nyumba. Safari hii ilikuwa kwa mwenyekiti, watu kumi na wanne, wengine kwenye viti vya plastiki, wengine kwenye mkeka, chupa za chai zinasubiri pembeni. Ila kabla ya hapo, Ijumaa jioni, nilikuwa nimeshapita kwenye kibanda cha fundi viatu. Mchungaji alisema kwanza yeye.

Alikuwa anashona soli. Nikakaa kwenye ndoo. Nikamwambia. Niliyasema haraka na kwa mpangilio mbaya, nikaanza na ada ya mtoto, nikajisikia naanza na ada ya mtoto, nikarudi nyuma nikaanza upya na simu yake ya Jumanne.

Alivuta uzi mpaka mwisho. Akakata kwa meno.

"Nilijua," akasema. "Mtandao hausumbui siku mbili."

"Sasa mzee wangu mbona hukusema?"

"Niseme kwa nani? Wewe ndo mhazini."

Hakusema amenisamehe, na sikuthubutu kuuliza. Alinipa kiatu cha mteja nimshikie, ananionyesha kwa kidole pa kubana, na nikashika mpaka akamaliza ule upande.

Kesho yake kwenye jumuiya nilisema kwa ufupi na kuwapa daftari. Nilijiandaa kwa machozi, au kwa kufukuzwa. Kilichotokea ni ubishi wa dakika arobaini kuhusu laini ya simu. Mmoja anataka akaunti ya kikundi, mwingine anasema makato yake ni makubwa, mama mmoja anauliza kama ile ya kutolea niliyorudisha niliihesabu sawasawa. Wakaamua uhazini uende kwa dada mmoja mwalimu, na kila kutoa hela lazima watu wawili wajue na ujumbe urushwe kwenye grupu. Fundi viatu alikaa mlangoni na hakuchangia. Chai ikapoa.

## Kwa Bibi

Kwa Bibi nilikwenda Jumapili jioni. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, maandishi hayaoni siku hizi, ndo maana anakwenda ibadani na mjukuu. Lakini Agano Jipya analo kichwani karibu lote, alifundishwa kwa kukariri, na ukikosea neno moja midomo yake inacheza.

Shikamoo, marahaba, karibu. Nikakaa kwenye kibao. Nikamwambia Bibi nimekuja kukusomea. Hakuuliza nini. Akasogeza kanga begani, akafumba macho.

Nikasoma. Siku sita kabla ya Pasaka, Bethania, Lazaro mezani, Martha anatumika. Midomo ya Bibi inakwenda pamoja na mimi bila sauti. Nilipofika wa sita nilipunguza mwendo, nikausoma wote mpaka kwenye mfuko na vilivyotiwa humo. Midomo yake ilisimama.

"Rudia hapo. Kuku wanapiga kelele."

Kuku walikuwa wameshalala. Nikarudia.

"Haya, endelea."

Nikamaliza wa saba na wa nane, nikafunga kitabu. Kama anajua habari za Januari au alisikia tu pengo la mstari kwa sikio lake la kukariri, mpaka leo sijui, na alivyofumbua macho hakunipa dalili yoyote.

"Leo umesoma vizuri," akasema. "Siku ile ulisoma kama mtu anayekimbizwa."

Kisha akaniomba nimsaidie kufunga banda, maana mjukuu kaenda kwaya na ile komeo ni ngumu.